Maswali ya Wasomaji: Nani Mwenye Kasi Kweli Kabla ya Msimu Kuanza?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu majaribio ya kabla ya msimu, hasa ya Formula 1. Zilizofanana tumeziunganisha ili nafasi itoshe.

SWALI: Ndugu wataalamu, kila mwaka tunatangaziwa dereva aliyeongoza majaribio, halafu mbio ya kwanza inachukuliwa na mtu mwingine kabisa. Ule muda wa haraka una maana yoyote, au tunapotezewa wakati?

JIBU: Maana yake ni ndogo kuliko nafasi unayopewa kwenye vichwa vya habari. Mwaka 2024, Carlos Sainz akiwa Ferrari alimaliza siku tatu za majaribio pale Sakhir, Bahrain, akiwa na muda bora kuliko wote: 1:29.921. Siku chache baadaye mbio ya kwanza ilifanyika kwenye uwanja uleule. Max Verstappen alichukua nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa 1:29.179, kisha akashinda akimwacha mwenzake wa Red Bull, Sergio Pérez, kwa zaidi ya sekunde 22. Mwaka 2025 Sainz huyohuyo, safari hii akiwa Williams, aliongoza tena majaribio ya Sakhir kwa 1:29.348. Williams walimaliza msimu wakiwa wa tano, na ubingwa wa timu ukaenda McLaren.

Lakini usivuke mpaka ukasema muda wa majaribio hudanganya siku zote. Mwaka 2023 Pérez aliongoza kwa 1:30.305, na Red Bull wakashinda mbio 21 kati ya 22 za msimu ule. Tatizo ni kwamba ukitazama orodha ya nyakati peke yake huwezi kutofautisha mwaka 2023 na mwaka 2024. Zote mbili zinaonekana vilevile.

Muda wa mzunguko mmoja unabeba mambo ambayo timu hazilazimiki kuyasema. La kwanza ni mafuta. Kwenye uwanja wa kawaida kila kilo 10 za mafuta hugharimu takriban sekunde 0.3 kwa mzunguko. Timu moja ikikimbia na kilo 10 na nyingine na kilo 40, tayari kuna pengo la karibu sekunde 0.9 ambalo halihusiani na ubora wa gari. La pili ni aina ya mpira wa tairi, la tatu ni kiwango cha nguvu ambacho injini imeruhusiwa kutoa, na la nne ni saa ambayo mzunguko ulikimbizwa. Kuna la tano linalosahaulika: uzito wa gari lenyewe. Baada ya kipindi cha majaribio hakuna anayelipima gari kama anavyolipima baada ya mbio, kwa hiyo gari linaweza kukimbia chini ya uzito wa chini wa kanuni, ambao mwaka 2025 ulikuwa kilo 800. Kilo 10 zilizopunguzwa kwenye gari hufanya kazi ileile ya kilo 10 za mafuta.

SWALI: Nina karatasi, kalamu na orodha ya nyakati za kila mzunguko. Sina kompyuta ya timu. Nifanye hesabu gani ili nipate jibu la maana?

JIBU: Hili ndilo swali tulilotamani kuulizwa, na jibu lake lina urefu. Achana na mzunguko wa haraka, tafuta mbio kamili ya kuigiza: dereva anakimbia umbali wote wa mbio, anasimama kubadilisha matairi, anaendelea. Hapo ndipo mafuta yanapojulikana kwa ukaribu. Gari linalotakiwa kumaliza mizunguko 57 ya Sakhir bila kuongezewa mafuta lazima lianze na takriban kilo 100 (kanuni za 2019 hadi 2025 ziliruhusu kilo 110 tu kwa mbio nzima). Timu inaweza kuficha mengi, lakini haiwezi kumaliza mizunguko 57 kwa mafuta ya mizunguko 20.

Utaitambuaje mbio kamili? Angalia vituo. Katika mbio ya kuigiza gari huingia, hubadilishiwa matairi mbele ya gereji, hutoka. Mzunguko wa kuingia na wa kutoka kwa pamoja huongezeka kwa sekunde 20 na ushee kuliko mizunguko miwili ya kawaida. Ukiona pengo la dakika 8 au 10 kati ya mfululizo mmoja (mizunguko inayokimbizwa bila kusimama) na mwingine, gari limerudishwa ndani ya gereji, na humo linaweza kuongezwa au kupunguzwa mafuta. Mfululizo wa pili hapo si mwendelezo wa ule wa kwanza, ingawa mizunguko inaonekana imefuatana kwenye orodha. Wengi hukosea hapa, na kosa hili pekee linatosha kuharibu hesabu nzima.

Ukishapata mbio yenyewe, futa mzunguko wa kutoka, wa kuingia, na ule wa kwanza wa kasi ambao matairi bado ni mapya mno. Futa pia mzunguko wowote uliozidi majirani zake kwa sekunde moja au zaidi kisha muda ukarudi chini mara moja. Huo kwa kawaida ni gari la mbele lililozuia njia au kosa la dereva. Usifute mzunguko mbaya unaofuatwa na mibaya mingine. Huo ni tairi linalokufa, na ndio habari unayoitafuta.

Sasa pima mteremko. Gari linalotumia kilo 100 kwa mizunguko 57 hupungua kilo 1.75 kila mzunguko, yaani hupata nafuu ya takriban sekunde 0.05. Kama nyakati zinapanda, basi tairi linachoka kwa kiasi unachokiona pamoja na hiyo 0.05 iliyofichwa na mafuta.

Tuchukue timu mbili za kubuni, zote kwenye tairi moja na saa moja. Timu A inaanza mfululizo kwa 1:36.8 na kumaliza, mizunguko 13 baadaye, kwa 1:38.1. Imepanda sekunde 1.3, yaani 0.10 kwa mzunguko. Ongeza 0.05: tairi linachoka kwa 0.15. Timu B inaanza kwa 1:36.4 na kumaliza kwa 1:38.6. Imepanda sekunde 2.2, yaani 0.17 kwa mzunguko, na ukiongeza 0.05 unapata 0.22. Aliyetazama mzunguko wa mwanzo peke yake atasema B iko mbele kwa sekunde 0.4. Wastani wa mfululizo wote unaonyesha A iko mbele kidogo, 1:37.45 dhidi ya 1:37.5. Na kwenye mbio halisi pengo litakuwa kubwa zaidi ya hapo, kwa sababu B italazimika kuingia mapema kubadilisha matairi na huenda ikahitaji kusimama mara moja zaidi.

Fanya hivyo kwa kila mfululizo wa mbio, kisha linganisha mfululizo wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili. Usilinganishe mfululizo wa kwanza wa timu moja na wa mwisho wa nyingine. Kati yake kuna kilo 60 au 70 za mafuta, karibu sekunde mbili.

Hesabu ikishakamilika utapata makundi, hutapata orodha sahihi ya kwanza hadi ya mwisho. Tofauti ya chini ya sekunde 0.2 kwa mzunguko iandike kama sare. Makosa ya makadirio ya mafuta, upepo na joto yanakula kiasi hicho bila shida.

SWALI: Nilisoma kwamba mwaka 2025 watu walijua mapema kwamba McLaren ndio wenye gari. Walijuaje wakati Sainz ndiye aliyekuwa juu?

JIBU: Kwa njia hiyohiyo. Jioni ya siku ya pili, Lando Norris alikimbia mbio ndefu wakati ambao Charles Leclerc wa Ferrari na Kimi Antonelli wa Mercedes nao walikuwa wakikimbia zao. Walikuwa kwenye lami moja, upepo mmoja, giza moja. Norris alikuwa na kasi zaidi yao, na nyakati zake hazikupanda haraka kama za wenzake. Gari linalotunza matairi ya nyuma pale Sakhir ni gari zuri karibu popote, kwa kuwa uwanja ule una lami ya kukwaruza na kona nyingi za polepole zinazofuatwa na kukanyaga mafuta kwa nguvu. Norris akashinda Australia, Oscar Piastri akashinda Bahrain mwezi Aprili, na Norris akawa bingwa wa dunia mwishoni mwa mwaka.

SWALI: Matairi C1, C2, C3 yananichanganya. Naongeza au napunguza nini ninapolinganisha?

JIBU: Pirelli, watengenezaji wa matairi, huandika namba kadiri mpira unavyolainika: C1 ni mgumu kuliko yote, C5 ni laini mno (mwaka 2025 waliongeza C6). Mpira laini hushika zaidi na huisha haraka. Kutoka daraja moja hadi jingine pengo huwa kati ya sekunde 0.3 na 0.6 kwa mzunguko mmoja wa kasi, na linategemea uwanja.

Hapa pana mtego. Pale Sakhir huwezi kutoa 0.5 kwa kila daraja na kudhani umemaliza, kwa sababu mpira laini mno unapata joto kupita kiasi kabla mzunguko haujaisha. Dereva anaanza vizuri kona ya kwanza, na akifika kona tatu za mwisho matairi ya nyuma yanateleza. Kwa hiyo faida ya C4 kwenda C5 pale huwa ndogo, na wakati mwingine haipo. Timu iliyoweka muda wake kwa C3 ikawa sekunde 0.2 tu nyuma ya iliyotumia C5 huenda haijapoteza chochote.

Rangi zisikupoteze pia. Nyeupe, njano na nyekundu kwenye wikendi ya mbio humaanisha ngumu, wastani na laini kati ya zile tatu zilizochaguliwa kwa mbio ile tu. Katika majaribio C3 inaweza kuwa njano, na kwenye mbio ya Bahrain C3 hiyohiyo ikawa nyekundu. Andika namba, usiandike rangi.

SWALI: Mbona timu kubwa zinaonekana polepole siku ya kwanza? Ni kuficha makucha?

JIBU: Kuficha makucha kupo, lakini kunapewa uzito mno. Siku ya kwanza gari linakimbia taratibu kwa sababu kazi ya siku ile haihitaji kasi. Utaona vyuma vilivyosukwa kama uzio, vimefungwa nyuma ya magurudumu ya mbele au mbele ya yale ya nyuma. Ni safu za vijiti vyenye matundu ya kupima shinikizo la hewa. Dereva huagizwa ashike mwendo mmoja usiobadilika kwenye sehemu iliyonyooka, na muda wa mzunguko huo hauna maana yoyote. Utaona pia rangi ya kijani au ya njano inayong'aa imepakwa kwenye bawa au ubavu wa gari. Ni unga wa rangi uliochanganywa na mafuta mepesi. Hewa ikipita huusukuma, na mistari inayobaki inaonyesha hewa inapokwenda na inapojitenga na bodi.

Yote hayo hujibu swali moja: je, gari lililo uwanjani linafanana na lile la kwenye mtambo wa upepo (handaki la kupimia hewa) na kompyuta? Timu ikipata jibu "ndiyo" asubuhi ya siku ya kwanza, vyuma hufunguliwa na huvioni tena, au unaviona mara moja moja. Timu inayofunga vyuma vilevile mchana wa siku ya mwisho, wakati wenzake wanaigiza mbio, mara nyingi inatafuta kitu ilichopoteza. Hiyo ni dalili tunayoiamini kuliko muda wowote wa haraka.

Kumbuka pia kila timu ina gari moja tu kwenye majaribio, madereva wawili wanapokezana, mara nyingi mmoja asubuhi na mwenzake mchana. Tatizo linalochukua muda wa saa nne halimwathiri dereva mmoja tu. Linakula nusu ya siku ya timu nzima.

SWALI: Naweza kujua kama injini imepunguzwa nguvu? Rafiki yangu anasema ukitazama kasi ya mwisho wa barabara iliyonyooka inatosha.

JIBU: Haitoshi, kwani mambo matatu tofauti yanaweza kukupa kasi ndogo pale pale kwenye kipima-kasi. Mafuta mengi huliumiza gari linapotoka kona za polepole: linachelewa kushika kasi tangu mwanzo, linalazimika kufunga breki mapema, na linapoteza muda kwenye kila kona. Injini iliyopunguzwa humwacha dereva na kona nzuri, lakini barabara yote iliyonyooka anapoteza kidogokidogo. Bawa kubwa lenye kuburuta hewa halionyeshi madhara mwanzoni; gari linaondoka vizuri, kisha linagonga ukuta wa hewa mwishoni, kwa kuwa ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi.

Timu zinapata data ya setilaiti ya mwendo wa magari yote, kwa hiyo wahandisi wanaiona mikondo hiyo mita kwa mita na kukisia mafuta ya mpinzani. Wewe unazo nyakati za sehemu tatu ambazo mzunguko umegawanywa. Pale Sakhir, sehemu ya pili ndiyo yenye kona nyingi; ya kwanza na ya tatu zinatawaliwa na barabara zilizonyooka. Gari lenye muda mzuri wa sehemu ya pili lakini linalopoteza sekunde 0.2 au 0.3 kwenye kila moja ya hizo nyingine, na kasi yake ya mwisho iko chini kwa kilomita 8 hadi 10 kwa saa, ama linakimbia na injini iliyopunguzwa ama lina bawa kubwa. Ukilinganisha na picha za bawa lake na la jirani yake utajua ni lipi. Gari lililo zito kwa mafuta haliwezi kung'ara kwenye sehemu ya pili.

Kwa magari ya kanuni mpya za 2026 ongeza tahadhari. Umeme sasa unabeba karibu nusu ya nguvu, mota ikitoa hadi kilowati 350 badala ya 120 za zamani. Betri ikiisha kabla ya mwisho wa barabara, kasi hushuka hata kama gari ni jepesi na bawa liko wazi. Kipima-kasi kinaweza kukuonyesha timu iliyochagua kutumia umeme wake mahali pengine, na timu ileile ikabadilisha uchaguzi huo mzunguko unaofuata.

SWALI: Timu ikikimbia mizunguko mingi sana, hiyo si dalili nzuri kuliko kasi?

JIBU: Ni dalili nzuri ya kitu kimoja, uimara, na uimara una thamani kubwa. Mizunguko 120 pale Sakhir ni takriban kilomita 649, zaidi kidogo ya umbali wa mbio mbili. Timu inayofanya hivyo kila siku inapata nafasi ya kujaribu mipangilio yote.

Kinyume chake kina uzito zaidi. Majaribio ya kwanza ya 2014 pale Jerez, Hispania, wakati injini za umeme na petroli zilipoingia, Red Bull walikimbia mizunguko 21 tu kwa siku nne, huku Mercedes wakipita 300. Mercedes walishinda mbio 16 kati ya 19 mwaka ule. Mwaka 2015, palepale Jerez, McLaren na injini mpya ya Honda walifanya mizunguko 79 kwa siku nne, na msimu ukaisha wakiwa wa tisa na pointi 27. Hata hivyo Red Bull wa 2014, pamoja na aibu ile ya Jerez, walimaliza msimu wakiwa wa pili na Daniel Ricciardo akashinda mbio tatu. Tofauti yao na McLaren ni kwamba Red Bull walikuwa na gari zuri chini ya injini yenye matatizo. Kwa hiyo timu ikikosa mizunguko, uliza sababu. Joto la injini, bomba la maji au kasoro ya waya hurekebishwa. Gari lililochelewa kutengenezwa lenyewe, kama Williams wa 2019 waliokosa siku mbili na nusu za mwanzo pale Barcelona, linaeleza tatizo lililoanza kiwandani miezi mingi nyuma. Williams walimaliza wa mwisho mwaka huo.

SWALI: Gari likisimama katikati ya njia dakika za mwisho za siku, limeharibika?

JIBU: Si lazima. Timu hupenda kulikimbiza gari hadi mafuta yaishe kabisa ili zijue pampu inafyonza mpaka tone gani, na kazi hiyo hufanywa mwisho wa kipindi isiwasumbue wengine. Ukiona gari limesimama bila moshi, dereva anatoka taratibu na mafundi hawakimbii, usiandike "hitilafu" kwenye karatasi yako. Likisimama saa nne asubuhi, andika.

SWALI: Timu gani iliwahi kudhaniwa inadanganya kumbe ilikuwa kweli, na ipi ilidhaniwa ina kasi kumbe haina?

JIBU: Ya kwanza ni Brawn GP, mwaka 2009. Timu ilizaliwa mwanzoni mwa Machi kutoka mabaki ya Honda, ikaingia majaribio ya Barcelona kwa kuchelewa sana, na mara moja ikawa mbele kwa pengo ambalo wengi walilieleza kuwa gari jepesi la kutafutia wadhamini. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki: timu isiyo na wafadhili ina kila sababu ya kupamba muda. Walichokosa kutazama ni kwamba kasi ile iliendelea kwenye mifululizo mirefu pia. Muda wa kupamba unatengenezwa kwa mzunguko mmoja au miwili. Haudumu mizunguko 15. Jenson Button na Rubens Barrichello wakamaliza wa kwanza na wa pili Australia, na Button akashinda mbio sita kati ya saba za mwanzo. Siri ilikuwa kisambaza-hewa cha ghorofa mbili chini ya mkia wa gari.

Ya pili ni Ferrari wa 2019. Barcelona walionekana wameshika hatamu tangu siku ya kwanza. Siku ya mwisho Sebastian Vettel aliweka 1:16.221 na Lewis Hamilton wa Mercedes 1:16.224, pengo la sehemu tatu za elfu za sekunde. Wengi walihesabu wiki zote mbili kama kitu kimoja, kumbe Mercedes wa wiki ya pili hakuwa yule wa wiki ya kwanza. Walileta bawa, sakafu na bodi mpya katikati ya majaribio. Australia ilishindwa na Valtteri Bottas, na Vettel akamaliza wa nne, sekunde 57 nyuma. Unapolinganisha, anza hesabu upya kila timu inapobadilisha vipande vikubwa.

Hilo lilijirudia 2022. Mercedes walifika Bahrain na gari lenye mbavu nyembamba mno, tofauti kabisa na lile la Barcelona, na likadunda-dunda kwenye barabara zilizonyooka kwa namna ambayo mtambo wa upepo haukuionyesha. Wengi walisema ni maigizo. Kudunda hakuigizwi: dereva aliyelazimika kuinua gari juu ili lisidunde amepoteza mgandamizo wa hewa kwenye kila kona, na unaona hasara hiyo katika sehemu yenye kona hata kwenye mizunguko yake bora. Mercedes hawakushinda mbio yoyote hadi George Russell aliposhinda Brazil mwezi Novemba.

SWALI: Mimi ni wa pikipiki. Haya yote yanafaa MotoGP?

JIBU: Kwa sehemu. Tangi la MotoGP lilikuwa na lita 22 mwaka 2025, yaani takriban kilo 16, kwa hiyo mafuta hayapotoshi muda kwa kiasi cha magari. Kinachopotosha ni saa. Pale Sepang, Malaysia, mashambulizi ya muda (mizunguko ya kutafuta muda bora) hufanywa asubuhi kabla lami haijachemka, na aliyeyafanya saa sita mchana hawezi kufua dafu hata akiwa na pikipiki bora. Tafuta mbio fupi ya kuigiza: mizunguko 10 mfululizo, urefu wa mbio fupi ya Jumamosi pale Sepang, kwa matairi yaleyale, na kwa kawaida mchana kwenye joto.

Jambo jingine ni kwamba mpanda pikipiki ana pikipiki zaidi ya moja gerejini na anazibadilisha akijaribu fremu, bawa au ekzosi. Kwa hiyo tazama kampuni nzima: wapanda farasi wa chuma wangapi wa Ducati wako kumi bora, wangapi wa Aprilia. Francesco Bagnaia aliongoza Sepang mwaka 2024 kwa 1:56.682, ubingwa ukaenda kwa Jorge Martín. Wote wawili walikuwa kwenye Ducati, kwa hiyo majaribio yalisema kweli kuhusu pikipiki na yalinyamaza kuhusu mtu.

SWALI: Na mbio za uvumilivu kama Le Mans, mbona wataalamu hawatabiri chochote baada ya majaribio yao?

JIBU: Kwa sababu magari ya daraja la Hypercar yanasawazishwa na wasimamizi: uzito wa chini, nguvu ya juu na nishati ya kila zamu (kipindi kati ya kusimama na kusimama) hurekebishwa ili magari yaliyojengwa kwa falsafa tofauti yakaribiane. Mwenye kasi mno ana hatari ya kuongezewa kilo, basi hana sababu ya kujionyesha. Nguvu ya injini ni vigumu kuificha mbele ya wasimamizi, maana kuna vipimo vya msokoto kwenye shafti zinazozungusha magurudumu. Dereva, hata hivyo, anaweza kuachia mafuta mapema kidogo kabla ya kona bila mtu kumlaumu. Wachambuzi wa huko hutumia wastani wa asilimia 20 ya mizunguko bora ya kila gari, wakitenganisha madereva wa gari moja, kisha wanatazama tairi linavyodumu kwa zamu mbili mfululizo bila kubadilishwa. Hicho cha mwisho wasimamizi hawana namna ya kukisawazisha kirahisi, na ndicho kinachobaki kweli hadi siku ya mbio.

SWALI: Nikiwa na saa moja tu ya kutazama katika siku zote tatu za Sakhir, nichague ipi?

JIBU: Saa ya mwisho ya siku ya tatu ni ya mvuto, ila magari mengi huwa yako kwenye mizunguko mifupi au mazoezi ya kuanza mbio. Chagua jioni ya siku ya pili, baada ya jua kuzama. Lami inakuwa na joto linalokaribiana na la mbio yenyewe, upepo wa mchanga mara nyingi umetulia, na timu zilizomaliza vipimo vyake zinaanza kuigiza mbio. Andika kwenye safu ya kwanza ya karatasi yako saa ambayo kila gari limetoka, kabla hujaandika muda wowote. Mifululizo miwili iliyoanza ndani ya dakika 20 inaweza kulinganishwa. Iliyopishana kwa saa mbili iache.